Dawa ya Mbegu

4 Februari

Mpwa wangu, Daktari wa Matope,

Marahaba. Nimeitikia mapema kwa sababu najua shikamoo yako itachelewa. Sisi tupo. Mke wangu amepata kazi ya kushona sare za shule, nyumba nzima imejaa pini, na mbili nimeshazikalia. Mama yako hajambo isipokuwa mgongo, na macho yake sasa yanakataa maandishi madogo, kwa hiyo barua zako namsomea mimi. Simu yake imekufa. Yangu siitumii kwa mambo mazito, maana kwenye simu mtu hukukatia kabla hujafika kwenye hoja.

Sasa sikia. Yule mfyatua matofali tunayemwita Tanuri amekuja tena kuliangalia shamba la mama yako. Safari hii aliletwa na baba zako wadogo. Wamemkalisha mama yako kwenye kibaraza chake mwenyewe wakamwambia shamba la marehemu kaka yao limechoka, halizai, bora likodishwe. Unajua Tanuri anavyokodisha: anachimba udongo wa juu mpaka kina cha kiuno, anauchoma, anaondoka, anakuachia bwawa la vyura. Nikawaambia kumkodishia shamba mfyatua matofali ni sawa na kumkodishia ng'ombe mchinjaji. Wakaniambia mimi ni ndugu wa mke, nisikilize tu.

Mwisho wamempa msimu huu mmoja. Maharage yakizaa, shamba linabaki lake. Yasipozaa, Tanuri anaingia. Mbolea ya dukani hatuiwezi. Wewe miaka yote unatuambia una vidudu vinavyolisha mimea bure. Basi vilete. Huu ndio wakati wake.

Mjomba wako


23 Februari

Shikamoo mjomba,

Mpe pole mama kwa mgongo, na wewe pole kwa pini. Mimi mzima. Chumba ninachopanga kinavuja pembe moja, nimeweka ndoo, na jirani wa ukutani anajifunza kupiga tarumbeta. Ndoo ina muziki mzuri zaidi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Ndiyo, bakteria wetu wapo tayari. Tuliwatoa kwenye mizizi ya maharage yenye afya: unachuma vile vinundu vidogo kwenye mzizi, unaviosha, unavisaga, unayatandaza yale maji kwenye visahani vyenye uji ulioganda, kisha unangoja waote kama matone ya maziwa. Waliokuwa hodari tumewachanganya na mboji nyeusi iliyosagwa laini. Unaipaka mbegu, mbegu inaota, wao wanaingia kwenye mzizi na kujenga vinundu vyao. Wanachukua hewa wanaigeuza kuwa chakula cha mmea, na mmea unawapa sukari. Lakini ni viumbe hai, mjomba. Jua linawaua. Joto linawaua. Dawa za mbegu zinawaua.

Mkuu wa maabara anataka jina la kuandika mbele ya pakiti kabla hazijachapishwa. Mimi nataka tuite hamira ya shamba. Kila mtu anajua hamira ina uhai na ukiimwagia maji ya moto imekufa. Wewe ulifundisha lugha miaka mingi, unasemaje?

Mpwa wako


6 Machi

Daktari wa Matope,

Nyumbani salama. Mke wangu anasema ukija utashonewa gauni, mradi usimletee vidudu mezani.

Umeniuliza kuhusu lugha, basi vumilia. Ninyi wataalamu mna ugonjwa wa kudhani kwamba neno sahihi ndilo neno linaloeleweka. Bakteria? Neno hilo watu wetu wamelisoma mahali pamoja tu, ukutani mwa zahanati, chini ya picha ya nzi aliyetua kwenye sahani. Umwambie mtu alipake kwenye mbegu atakayokula? Atakufukuza na jembe. Na hamira ndiyo mbaya kuliko. Mwanamume gani ataingia duka la pembejeo, wenzake wamesimama pale, aombe hamira? Watamuuliza anaoka keki ya harusi ya nani. Wataicheka, wataacha, na vidudu vyako vitafia rafuni kwa aibu.

Iite dawa. Hakuna neno letu lenye mgongo mpana kama hilo. Kuna dawa ya kikohozi, ya meno, ya viatu, ya mbu, ya mapenzi. Mtu wetu akisikia dawa anajua mambo mawili papo hapo: kitu hiki kinafanya kazi, na lazima akiheshimu. Hayo mengine ya uhai na sukari mwandikieni nyuma. Nimebishana na wakaguzi wa elimu, wahariri wa magazeti na wakwe zangu, na katika hili sijawahi kuwa na uhakika zaidi.

Mama yako anakusalimu. Ameshachagua mbegu, punje moja moja, kama anachambua mchele wa mgeni.

Mjomba wako


27 Machi

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima, tarumbeta naye mzima.

Umeshinda. Nilimsomea mkuu aya yako ya viatu na mapenzi, akacheka mpaka akavua miwani, akasema huyo mjomba wako angetufaa hapa. Pakiti zimetoka: DAWA YA MBEGU, herufi kubwa nyekundu. Maelekezo yako nyuma, na ni madogo kuliko nilivyotaka, kwa sababu neno lako limechukua nafasi yote ya mbele.

Kwenye mzigo huu kuna zako, za mama, na za majirani zake wanne waliokubali kujaribu. Nakuomba usome taratibu. Weka pakiti mahali pa baridi, kando ya mtungi wa maji panafaa. Siku ya kupanda, na si kabla, changanya mbegu na unga huu kwa maji yenye sukari kidogo, kivulini. Panda hapo hapo, funika na udongo haraka. Usianike. Usichanganye na dawa yoyote, hasa ule unga mwekundu wa kuzuia kuvu. Glavu hazihitajiki, unaweza hata kulamba vidole.

Mweleze mama kama nilivyokueleza wewe. Neno kwa neno, mjomba. Macho yake hayataiona ile nyuma ya pakiti.

Mpwa wako


5 Mei

Daktari wangu,

Marahaba sana. Mvua ilikuja kwa adabu. Mke wangu amemaliza sare, zimebaki pini. Mimi nimeandika barua gazetini kuhusu bei ya mbolea, hawajaichapa, nimewaandikia nyingine kuhusu ile ya kwanza.

Nilipanda kama ulivyoagiza. Nilikaa chini ya turubai, mikono myeusi kama ya fundi baiskeli, na vidole nilivilamba kweli mbele ya mashahidi ili waone siogopi. Sasa njoo uone. Shamba langu limekuwa la kijani mpaka linaudhi. Watu wakipita njiani wanapunguza mwendo. Mmoja ameniuliza kama nimeweka mbolea usiku kwa siri. Nikamwambia nimeweka mpwa.

Pakiti za mama yako na za majirani nilizifikisha siku ileile zilipoingia.

Mjomba wako


17 Mei

Shikamoo mjomba,

Nimefurahi mpaka nimewasomea wenzangu barua yako. Chumba changu kimeacha kuvuja, nadhani ni kwa sababu mvua imehama.

Ng'oa mmea mmoja kwako na mmoja kwa mama, kwa uangalifu, mizizi isikatike. Kata kinundu kwa kucha. Ndani kikiwa chekundu kama nyama, wanafanya kazi. Kikiwa cheupe, wamelala. Kisha niambie majani ya mama yana rangi gani, hasa ya chini.

Kwa nini hukusema lolote kuhusu shamba lake?

Mpwa wako


8 Juni

Mpwa wangu,

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na mafua na hasira, sijui kipi kilitangulia. Nyumbani hatujambo.

Nimekata vinundu kumi na zaidi. Vyekundu, vyekundu kabisa, ndani kama ufizi. Nilimwonyesha bwana shamba, akapiga picha yangu nimeshika mmea, akasema ataituma kwenu. Nimekaa vizuri kwenye picha ile, tumbo nimelivuta. Kama kuna mtu alisema sayansi haitufai sisi wa chini, mlete kwangu nimshindilie mzizi mkononi.

Mama yako anakusalimu. Anasema ule vizuri, ulale mapema.

Mjomba wako


15 Juni

Shikamoo mjomba,

Sikukuuliza shamba lako.

Mpwa wako


27 Juni

Mpwa wangu,

Haya.

Siku mzigo ulipoingia nilikuwa na mkutano wa chama cha wakulima, na kulikuwa na mtu pale niliyetaka sana kumuumbua. Nilipita kwa mama yako nikaishia mlangoni. Akaniuliza, "Inatumikaje hii, mdogo wangu?" Nikamwambia, "Ni dawa ya mbegu, dada. Ipake kama dawa." Akasema, "Haya." Nikaondoka. Majirani wale wanne walimuuliza yeye, naye akawaambia kama nilivyomwambia.

Unamjua mama yako. Dawa kwake ni dawa. Aliziweka pakiti juu kabisa, kwenye boriti chini ya bati, wajukuu wasifikie. Siku ya kupaka alifunga mifuko ya plastiki mikononi na kitambaa mdomoni. Alipomaliza alianika mbegu kwenye bati juani mpaka zikakauka vizuri, ili dawa ishike. Kisha akaona moja peke yake haitoshi kwa msimu wenye dau kubwa hivi, akaongeza ule unga mwekundu wa kuvu. Baada ya hapo akaoga, akafua nguo. Sijawahi kuona mtu mwangalifu kama yule. Kila mahali ambapo angeweza kuwaua vidudu vyako, aliwaua kwa heshima zote.

Majani ni ya njano kuanzia chini. Nimeng'oa, mizizi ni mitupu kama uzi. Mbolea hakuweka kwa sababu tulimwambia haina haja. Kati ya shamba lake na langu kuna mfereji mmoja, na kila asubuhi anasimama upande wake akitazama kijani changu. Haniulizi kitu. Angenitukana ningepumua.

Usiniandikie habari za hamira. Nazijua.

Kuna jambo moja bado. Nimekwenda kwa baba zako wadogo, nikaongea kwa upole mpaka wakashangaa. Wamesema hivi: ikitoka karatasi kazini kwenu, yenye muhuri, inayosema kosa ni la pakiti wala si la udongo wala la mama yako, watampa msimu mwingine. Wanauheshimu muhuri kuliko mimi. Mkisema tu hivyo, Tanuri atasubiri.

Mjomba wako


20 Julai

Shikamoo mjomba,

Nawasalimu wote. Mimi mzima kiasi. Jirani ameuza tarumbeta, na kimya chake kinanikosesha usingizi.

Tumekaa kikao cha ripoti. Picha yako iko ukurasa wa mbele, na tumbo umelivuta kweli. Mkuu aliandika sentensi moja tu kuhusu shamba la mama na yale ya majirani: "Katika mashamba matano, wakulima hawakufuata maelekezo." Nikasema walifuata. Akaniuliza, "Walifuata nini?" Nikasema, "Jina." Akasema, "Jina si maelekezo, binti yangu. Maelekezo yako nyuma." Nikamwambia mama yangu haoni maandishi ya nyuma. Mwenzangu mmoja akaanza kufuta miwani yake kwa kitambaa cha mezani, akaifuta muda mrefu.

Mkuu si mtu mbaya. Anasema tukiandika kwamba pakiti ilipotosha, wanaotugharamia watafunga mradi, na mikataba yetu inaisha pamoja nao. Sote tuliofanya kazi tunatakiwa kusaini ripoti.

Karatasi ya baba wadogo nimeielewa. Nitaona.

Tanuri amefika wapi?

Mpwa wako


9 Agosti

Mpwa wangu,

Nyumbani wapo. Mke wangu amevimba jicho, ni mzio tu.

Tanuri amefika jikoni kwa mama yako, ndiko alikofika.

Bwana shamba alikuja na ripoti yenu yenye muhuri, akaisoma kibarazani mbele ya baba zako wadogo. Nilikuwa nimekaa pale nikingoja sentensi ya kutuokoa. Akafika kwenye mashamba matano. Wakulima hawakufuata maelekezo. Baba yako mdogo yule mkubwa akafunga vifungo vya shati lake, akasema, "Basi, hata wenyewe wamesema." Hakusema kwa ubaya. Wiki haikuisha wakaja na kamba na vigingi. Maharage ya mama yako waliyang'oa mabichi wakayarundika pembeni. Sasa kuna mstari wa matofali mabichi unaokauka juani, na shimo limeanzia nyuma ya jiko. Udongo ule haukuwa umechoka, mpwa wangu. Ulikuwa na njaa tu. Vitu viwili tofauti kabisa, na hakuna hata mmoja wenu huko aliyeona umuhimu wa kuandika hivyo.

Walifuata. Nataka uwaambie hivyo hao wakubwa wako. Dada yangu alifuata kuliko mtu yeyote kwenye ripoti yao. Mimi ndiye nisiyefuata kitu maishani mwangu, na ndiye waliyemweka ukurasa wa mbele. Huyo aliyeandika sentensi ile aje atazame bati alikoanikia, aje aone mifuko ya plastiki aliyofunga mikononi, bado ameitundika kwenye kamba ya nguo, aitumie tena. Nimewaandikia magazeti matatu. Nimeandika habari ya neno pia, kwamba lilikuwa langu. Hawajachapa.

Nilimpelekea mama yako nusu ya mavuno yangu kwenye gunia. Akaniambia, "Rudisha, utakula na maneno yako." Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote aliyonipa tangu Mei.

Jana lakini alinifuata mwenyewe. Nilikuwa napepeta. Akasema, "Ile karatasi waliyosoma, waliosaini ni akina nani?" Nikamwambia bwana shamba alisoma jina la mkuu tu, yaliyobaki aliyaruka. Akasema, "Muulize kama na yeye alisaini." Nikamwambia haiwezekani, ulimpinga mkuu kikaoni, nilimsomea barua yako. Akasema, "Barua niliisikia. Muulize hilo tu."

Nijibu haraka nimtoe wasiwasi.

Mjomba wako


18 Agosti

Shikamoo mjomba,

Mpe pole mke wako kwa jicho. Aoshe kwa maji safi, asilisugue.

Nilisaini. Nilisaini siku ileile ya kikao, kabla sijakuandikia ile barua ya Julai. Nilipokuandikia kwamba nitaona, nilikuwa nimeshaona.

Mkuu alisema mradi ukifa hakutakuwa na mtu wa kuirekebisha pakiti. Nilikubaliana naye, na mpaka leo sijui kama nilikubali kwa sababu ni kweli au kwa sababu ya mkataba. Ule wa kwangu wameuongeza. Mwakani pakiti itakuwa na jina jingine na maandishi makubwa nyuma. Wameniomba nikuulize wewe una neno gani. Nimewaambia hatuna.

Sasa nakuomba jambo moja, na naliomba kwa sababu nakujua. Utatafuta namna ya kumwambia. Utasema nililazimishwa, au nilisaini bila kusoma, au kusaini huko kwetu ni kitu kidogo. Usiseme. Msomee mama barua hii kuanzia salamu, usiruke mstari, usiongeze kitu. Akinyamaza, nyamaza naye.

Nina likizo mwezi ujao. Nataka kuja. Muulize kama nije, na atakachojibu niandikie kwa maneno yake, hata likiwa ni neno moja.

Mpwa wako